LAMBO LA KIJIJI NA MICHEZO YA WATOTO WETU

Siku ya Ijumaa moja katika mwezi wa Shaabani, tulipokuwa twatoka msikitini, baba wa mmoja wa wanafunzi wetu alitushika mkono akatuvuta kando, chini ya mwembe. Baada ya kuamkiana na kuulizana khabari za nyumbani, alisema: "Maalim, nina neno. Kijana wangu kila Alkhamisi ukifunga chuo haji nyumbani. Huenda lamboni kuoga na wenziwe mpaka karibu ya Magharibi. Mama yake ataka nimkataze, nami sijui nimkataze kwa hoja gani. Je, ni dhambi?"

Hatukumjibu siku ile. Tulimwomba atupe muda, kwa kuwa tulikuwa na jambo letu wenyewe juu ya lambo lile ambalo lilikuwa likitukera rohoni, nasi tuliona haya kulisema mbele za watu. Leo twalieleza hapa lote, maana twadhani nyumba nyingi za Waislamu, tangu Kilwa Kivinje hata Mchinga na Lindi, na mbali zaidi ya huko, zina mtoto kama huyo na mama kama huyo.

Kwanza na tueleze lambo lenyewe, kwa ajili ya wasomaji wa mijini ambao maji yao hutoka katika mfereji. Lambo si ziwa, wala si kisima. Ni bonde dogo lililozibwa kwa tuta la udongo, ili maji ya masika yasikimbilie baharini bali yakae. Sisi wa upande huu twajua jinsi mito yetu ilivyo. Matandu na Mavuji ikijaa hung'oa miti na kukata njia, na kiangazi kikifika vijito vingi vinavyoimwagia maji hubaki mchanga mtupu, mwanamke akafukua kwa kata apate maji ya kupikia. Lambo letu lilijengwa katika miaka ya 1970, wakati watu walipokusanywa vijijini, sisi tukiwa watoto wadogo. Twakumbuka wazee wetu wakikwangua majani na mizizi yote mahali pa tuta, wakachimba mtaro katikati hata wakafika udongo mgumu, wakaujaza udongo wa mfinyanzi, kisha wakapandisha tuta tabaka juu ya tabaka, kila tabaka likinyunyiziwa maji kidogo na kushindiliwa. Watoto tulipewa kazi ya kukanyaga, nasi tuliiona ni ngoma. Upande mmoja, penye ardhi ngumu, wakaacha mlango mpana ulio chini kuliko kilele cha tuta, maji ya ziada yapitie hapo. Mzee aliyekuwa msimamizi alikuwa akisema kwamba mlango huo ndio uhai wa kazi yote, kwa sababu tuta la udongo huvumilia maji yaliyotulia mbele yake, lakini halivumilii maji yapitayo juu ya mgongo wake hata kwa usiku mmoja.

Lilichimbwa kwa ajili ya mbuzi, na kufua, na bustani za mboga. Hakuna aliyesema kuwa ni mahali pa kustarehe. Lakini maji yakikaa mahali watu hufuata. Perege na kambare wakaonekana humo, ndege wakaja, na kabla ya mwaka wa pili kwisha vijana walikuwa wamekwisha kufunga magogo ya migomba wakafanya vyombo vyao vya kuelea. Siku za Idi huwa kama mji mdogo: wauza kashata, wauza mihogo ya kukaanga, wasichana na kanga zao mpya wameketi juu ya tuta, wavulana wakirukia maji kutoka kwenye gogo la mkorosho. Kijiji chetu hakina bustani ya kupumzikia isipokuwa hiyo. Sisi wenyewe tulijifunza kuogelea humo, na mpaka leo tukiliona jua likizama juu ya maji yale twapata furaha ambayo hatuwezi kuieleza.

Wako watu ambao wakisikia neno mchezo hukunja uso, wakadhani kuwa dini ni kuketi kimya. Sisi hatumo katika hao. Yajulikana sana maneno yanayonasibishwa kwa Sayyidna Umar (R.A.), kwamba watoto wafundishwe kuogelea, kutupa mishale na kupanda farasi. Na mtu wa Kilwa hahitaji kwenda mbali kutafuta ushahidi kwamba mababa zake walipenda kustarehe kwa maji. Avuke tu Kisiwani, afuate njia iendayo upande wa mashariki, afike Husuni Kubwa juu ya mwamba ukabilio bahari. Humo katika jumba la Sultan al-Hasan bin Sulaiman, aliyekuwa akiitwa Abul-Mawahib kwa ukarimu wake, liko birika la kuogelea lenye pembe nane, limejengwa kwa mawe ya matumbawe kwa ustadi mkubwa. Huyo ndiye sultani aliyemkaribisha Ibn Battuta mwaka 1331. Kisiwa kile hakina mto, na maji ya watu wake tangu kale ni ya visima. Basi mtu akisimama ukingoni mwa birika lile humjia fikira mbili kwa mpigo: ya kwanza ni uzuri wake, na ya pili ni wale waliochota. Tuliwahi kuwapeleka wanafunzi wetu huko, na mtoto mmoja wa miaka minane akatuuliza nani alikuwa akilijaza. Wenziwe walimcheka, lakini sisi twaliona ndilo swali bora la siku ile.

Kwa hiyo kuoga kwa kustarehe si jambo geni wala si jambo baya. Ubaya hutoka katika namna maji yanavyotunzwa, na hapa twapenda kutoa mfano wa mbali kidogo.

Mwaka 1953 palijengwa Nairobi bwawa dogo kwa tuta, katika mto uitwao Motoine ambao chini ya hapo huitwa Ngong. Kusudi lilikuwa kuweka akiba ya maji ya kunywa kwa mji, kwa siku za dhiki. Lakini kwa kuwa uso wa maji ulikuwa mpana na mzuri, pakawa pahali pa mapumziko pa Wazungu. Wakafanya chama cha kuendesha mashua za tanga, wakavua, wakakaa ukingoni siku za Jumapili. Jirani ya hapo ni Kibera, mahali ambapo Waislamu wenzetu Wanubi, askari wa zamani kutoka Sudani na watoto wao, walikuwa wamekwisha kukaa tangu mapema katika karne ya 20. Miaka ikapita, watu wakaongezeka maelfu kwa maelfu, nyumba zikabanana, wala hazikujengewa vyoo vya kutosha wala mifereji ya maji machafu. Kila mvua ikinyesha uchafu wote ulishuka bwawani. Katika miaka ya 1990 gugu maji likatanda juu yake, mtu akitazama adhani ni shamba la mboga, na mashua zikakoma. Angalieni, ndugu zetu: tuta halikubomoka. Udongo ulifanya kazi yake kama ulivyoagizwa. Kilichokufa ni maji. Nasi hatuwalaumu wale maskini wa Kibera, kwa kuwa mtu asiyejengewa choo hana pa kwenda. Lawama ni ya wale waliopanga mji wakasahau kuwa watu wana matumbo.

Ama tuta nalo lina khabari yake, na kila aliyesoma Surat Saba' aijua. Watu wa Saba' walikuwa na tuta kubwa la udongo katika nchi ya Maarib, Yemen, zaidi ya mita 500 kwa urefu, lenye milango ya mawe pande zote mbili ya kugawia maji kwenye mabustani ya kulia na ya kushoto. Milango hiyo ya mawe yaonekana hata leo. Tuta lenyewe lilibomoka na kutengenezwa mara nyingi. Na liko jiwe lililoandikwa katikati ya karne ya 6 na Abraha, yule yule wa kisa cha tembo, likieleza jinsi alivyokusanya watu kulitengeneza. Katika nusu ya pili ya karne hiyo, siku zile za karibu na kuzaliwa kwake Mtume wetu (S.A.W.), likavunjika mara ya mwisho, na watu wakatawanyika. Mwaka 1986 palijengwa bwawa jipya karibu na lile la kale, kwa mali ya Sheikh Zayed, mtawala wa Abu Dhabi, kwa kuwa yasimuliwa kwamba asili ya kabila lake ni huko Maarib.

Wafasiri wa zamani wasimulia kwamba Mwenyezi Mungu aliwaletea watu wale panya, wakalitoboa tuta. Tulipokuwa vijana twaliichukua khabari hii kama kisa tu. Lakini mwaka mmoja tulizungumza na fundi wa maji aliyepita kijijini, naye hakuwa mtu wa vyuo vyetu, akatuambia kuwa panya na fuko ni miongoni mwa adui wakubwa wa matuta ya udongo popote duniani: tundu moja likitoka upande mmoja mpaka wa pili, maji huingia humo kwa utulivu, yakabeba chembe moja ya udongo, kisha ya pili, hata tundu likawa pango. Vivyo hivyo mzizi wa mti, ambao ukifa na kuoza huacha njia. Jioni ile ile tulikwenda na wanafunzi wakubwa kulitazama tuta letu. Tulikuta mashimo ya panya buku, na mkorosho mchanga uliojiotea mgongoni, na, jambo lililotushangaza zaidi, mtu alikuwa ameufunga ule mlango wa maji ya ziada kwa wando wa miti ili avue kambare. Hatukumtafuta ni nani. Tuliung'oa wando, tukaziba mashimo kwa udongo tukishindilia, na mkorosho tukaukata ungali mdogo, mizizi yake haijawa mikubwa. Katika mafuriko ya Januari 2020, yaliyoua watu katika Wilaya ya Kilwa, na katika kimbunga Hidaya cha Mei 2024, kilichoikata barabara kuu ya kusini, maji yalipita kwa nguvu katika mlango ule, na tuta likasimama. Huko Solai, Nakuru, tuta la bwawa la shamba moja lilipasuka usiku wa tarehe 9 Mei 2018 likaua watu zaidi ya 40 waliokuwa chini yake, wengi wao wanawake na watoto. Tunaokaa chini ya tuta twapaswa kulitazama kila masika, wala tusingoje serikali ije itutazamie.

Lakini si tuta lililotufanya tushike kalamu.

Yuko mwanafunzi wetu, mvulana wa miaka kumi hivi, mwenye sauti nzuri ya kusoma. Mwaka jana alianza kuomba ruhusa ya kutoka nje kila mara. Akitoka hukawia, na akirudi huketi upande upande. Sisi, Mwenyezi Mungu atusamehe, tulidhani ni mvivu anayekimbia somo. Tulimkemea mbele ya wenziwe, na siku moja tulimnyima ruhusa, naye akajikojolea juu ya mkeka. Tulipouinua mkeka tuliona kuwa kile kilichomwagika kilikuwa chekundu.

Tulikaa naye peke yetu baada ya watoto kuondoka. Alisema kwamba ni miezi mingi sasa, kwamba humuuma mwishoni mwa kukojoa, na kwamba hakumwambia mama yake kwa sababu kaka zake walimwambia ni dalili ya kukua, kila mwanamume hupita hapo. Maneno hayo yalitupiga moyoni, kwa maana sisi nasi tuliambiwa hayo hayo tulipokuwa na umri wake, katika lambo lile lile, nasi tuliyaamini. Tulipowauliza wavulana wengine mmoja mmoja, wengi wao waliinamisha vichwa.

Ni kichocho. Muuguzi wa zahanati alikuja chuoni baada ya siku chache, akaja na ule ufito wenye alama ambao hupimia watoto urefu wao ili ajue kila mmoja apewe vidonge vingapi, akawaeleza ugonjwa huu kwa lugha nyepesi. Nasi tulikaa nyuma tukisikiliza pamoja nao. Twayaandika aliyoyasema, pamoja na machache tuliyoyapata baadaye.

Kichocho cha mkojo huletwa na mnyoo mdogo ambao hukaa katika mishipa ya damu iliyozunguka kibofu. Hukaa humo miaka, dume na jike pamoja, na jike hutaga mayai. Yai lina mwiba. Hupenya ukuta wa kibofu likaingia katika mkojo, na ndiyo sababu ya damu. Mtoto akikojoa katika maji baridi yaliyotuama, yai huanguliwa, na kitokacho humo hutafuta konokono mdogo wa majini ambaye hushikamana na majani na mabua ukingoni. Kisipompata kwa muda wa siku moja hivi hufa. Kikimpata huingia mwilini mwake, kikazaana humo majuma kadhaa, kisha kutoka kwa konokono mmoja hutoka viluwiluwi vidogo visivyoonekana kwa macho, maelfu kwa maelfu, vikaelea majini vikitafuta ngozi ya mtu. Havihitaji kidonda, dakika chache zatosha kupenya ngozi nzima. Na saa yavyo ya kutoka kwa wingi ni wakati jua likiwa kali, kati ya mchana. Hapo tulikumbuka kuwa chuo chetu siku ya Alkhamisi hufungwa saa sita.

Mnyoo huu aligunduliwa na daktari Mjerumani aliyeitwa Theodor Bilharz, mjini Cairo, mwaka 1851. Na khabari ya konokono ilithibitishwa na Mwingereza Robert Leiper, huko huko Misri, mwaka 1915. Lakini ugonjwa ni wa kale mno, hata mayai yake yameonekana katika miili ya watu wa Misri waliokaushwa enzi za Firauni. Kila mahali watu walipozuia maji pasipo kufikiri, kichocho kilifuata. Ghana ilipojenga bwawa kubwa la Akosombo katika miaka ya 1960, watoto wa vijiji vya ukingoni walishikwa kwa wingi usiowahi kuonekana hapo kabla. Twalitaja jambo hili ili wasomaji wasidhani kuwa ni uchafu wa watu wa Kilwa.

Muuguzi alipomaliza, mmoja wa wanafunzi wetu wakubwa alinyanyua mkono. Huyu amesoma fiq'hi nasi, ni mwenye akili. Akasema: "Shikamoo, Bibi. Maalim ametufundisha kuwa maji yakifika kulateni hayanajisiki, ila yakigeuka rangi au ladha au harufu. Na lambo ni zaidi ya kulateni mara elfu. Basi maji yale ni tohara. Yawezaje kutudhuru?"

Yule Bibi alitutazama sisi. Watoto wote wakageuka wakatutazama.

Msomaji, twakiri kwamba kwa muda tulikosa la kusema. Alichosema kijana ni kweli, na ni sisi tuliomfundisha. Katika madhehebu yetu ya Shafi, maji yaliyofika kulateni mbili, ambayo wanazuoni wameyapima kuwa ni dhiraa na robo kwa urefu, kwa upana na kwa kina, hayawi najisi kwa kuingiwa na najisi tu, maadamu hayakugeuka. Mara ngapi tumesimama juu ya tuta lile tukawaambia watoto: "Haya, tawadheni, maji haya ni tohara," nao wakaingiza miguu mpaka magotini! Lakini tohara ni hukumu ya ibada. Yatueleza kuwa Sala ya mtu yule yasihi. Haikutuambia kwamba maji hayo hayana ugonjwa, kama vile nyama iliyochinjwa kwa Bismillahi ni halali, na ikiwa imelala siku tatu juani itakuua nayo ni halali. Jambo hili ni dhahiri, na mtoto mdogo aweza kulifahamu. Sisi tumefundisha miaka ishirini na zaidi wala hatukupata kulitenganisha.

Na kilichotuuma zaidi ni kwamba sharia haikuacha pengo lolote hapo. Katika mapokezi ya Abu Huraira (R.A.), waliyoyapokea Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) amekataza mtu asikojoe katika maji yaliyotuama kisha akaoga humo. Hakusema yawe machache. Wanazuoni wamejadiliana sana juu ya sababu ya katazo hilo na mipaka yake, nasi tulikuwa tukipita juu yake upesi upesi, kama adabu ndogo tu ya chooni, tukakimbilia kulateni ambazo zina hesabu na mjadala mtamu. Tumehifadhi kipimo cha maji, tukasahau katazo la mkojo. Tulisimama tukawaambia watoto hivyo hivyo kama tunavyoandika hapa. Kisha tukamwambia yule mvulana wa mkeka, mbele ya wale wale tuliomkemea mbele yao, kuwa kosa lilikuwa letu.

Dawa yenyewe huitwa prazikwanteli. Ni vidonge vikubwa, vichungu, na yafaa mtoto awe amekula kwanza, kwa kuwa tumboni patupu hupata kichefuchefu na kizunguzungu. Mama mmoja alimwona mwanawe akitapika akasema vidonge ni sumu, na khabari ikaenea kabla ya Alasiri; tulilazimika kuzunguka nyumba kwa nyumba. Dawa huua minyoo iliyomo mwilini, wala haimkingi mtu asiambukizwe tena. Atakayemeza leo na kurudi lamboni kesho atakuwa amejisumbua bure. Na asiyetibiwa, damu ikiendelea miaka mingi, huharibika figo, na kibofu chaweza kupata saratani.

Hapa twataka kusema na akina mama peke yao. Imezoeleka kusemwa kuwa kichocho ni ugonjwa wa wavulana, kwa kuwa wao ndio wanaoonekana wakirukia maji. Nani basi afuaye ukingoni, miguu ndani ya maji, saa tatu nzima? Nani achotaye? Binti zetu hushikwa sawa na ndugu zao, ila wao hawasemi. Mayai ya mnyoo huyu huweza kukaa hata katika viungo vya uzazi vya mwanamke, yakaleta vidonda, na maumivu, na damu isiyo ya hedhi, na pengine kukosa mimba. Wangapi wamedhaniwa kuwa na tabia mbaya, au wameachwa kwa kukosa mtoto, na asili ya yote ni maji ya kufulia? Mama akimwona bintiye ana khabari kama hiyo, asimfiche wala asimtuhumu. Ampeleke zahanati na ataje kuwa wao hutumia lambo.

Baraza la kijiji lilikutana mara mbili. Mzee mmoja tunayemheshimu sana alisema lambo lifukiwe, yaishe. Mwenye mbuzi mmoja alisimama akamuuliza kwa adabu: "Mzee wangu, na kiangazi tuwanyweshe nini?" Kimya kikapita. Mwisho wa maneno mengi walikubaliana mambo haya. Vyoo viwili vijengwe, cha wanaume na cha wanawake, upande wa chini ya tuta na mbali na maji, na kila aendaye lamboni apite huko kwanza. Mabua na majani ya ukingoni, upande wa wafuaji, yang'olewe kila mwezi, kwa sababu ndiyo makazi ya konokono. Ang'oaye avae viatu virefu vya mpira. Kufua kufanyike juu ya sakafu ya mawe kando, maji yachotwe kwa ndoo. Na msikitini yakawekwa mapipa mawili yenye vifuniko: moja hujazwa leo, likaachwa siku mbili kamili usiku na mchana, ndipo watu watawadhie, na la pili hujazwa kwa zamu. Viluwiluwi vile haviishi zaidi ya siku mbili hivi vikikosa mtu, illa yapasa konokono asichotwe pamoja na maji. Ni kazi, lakini ni kazi ya watoto wawili na ndoo mbili.

Choo cha wanawake kimekwisha. Cha wanaume kimefika kwenye kizingiti, na mabati hayajapatikana. Mambo haya twayaandika kama yalivyo.

Juu ya michezo, tumeazimia na wazazi kuwa kila mwezi mara moja, fedha ya gari ikipatikana, tuwapeleke watoto pwani. Mnyoo wa kichocho haambukizi katika maji ya bahari, kwa kuwa konokono wake hawaishi katika chumvi. Bahari ina hatari zake nyingine, na yataka watu wazima wanaojua kuogelea wasimame majini pamoja nao, wala si kuketi mchangani wakinywa kahawa. Safari ya kwanza tulikwenda na watoto wa mwaka wa pili na wa tatu. Yule msomaji wetu mwenye sauti nzuri alikunywa maji ya chumvi akakohoa, akacheka mpaka machozi yakamtoka.

Basi Ijumaa iliyofuata ule mkutano wa pili, tulimngoja yule baba chini ya mwembe. Tukamwambia: "Kuoga si dhambi. Kukojoa humo ndiko kulikokatazwa. Na kwa sasa mkataze, mpaka watoto wote wawe wamekwisha kumeza dawa na choo cha wanaume kiwe na paa. Mwambie sababu yake, usimpige."

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akatazama chini, akichora mchanga kwa ncha ya kiatu.

"Maalim," akasema, "na sisi tuliooga humo zamani? Mimi hili jambo ninalo mpaka leo. Huja na kwenda."

Tukamwambia kuwa zahanati hufunguliwa saa mbili asubuhi, na kwamba watu wazima hupimwa uzito kwa mizani, hawapimwi kwa ufito. Jumatatu tulimkuta huko amekwisha kufika kabla yetu. Alisogea kidogo kwenye benchi, nasi tukaketi karibu naye kungoja zamu.